Kupiga Picha za Mahame ya Tabora na Kuzihariri Hadi Ukiwa Uonekane

Nje ya mji wa Tabora, si mbali na reli inayokwenda Kigoma, ipo nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo nimeipiga picha mara tisa katika muda wa miaka minne. Mara nane za kwanza nilirudi na picha za nyumba mbovu: paa limeanguka, ukuta umepasuka, magugu yamejaa sebuleni, basi. Mara ya tisa nilirudi na picha moja ambayo dada yangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akailaza simu kifudifudi mezani na kuniambia kwamba hataki kuiona tena kabla ya kulala. Ndani ya picha hiyo hapakuwa na paa lililoanguka wala ufa. Palikuwa na ukuta uliofifia rangi, msumari mmoja, na chini ya msumari alama ya mstatili iliyobaki na weupe wake wa zamani kwa kuwa kwa miaka mingi kitu fulani kilitundikwa hapo. Pembeni palikuwa na mlango ulio wazi, na nyuma ya mlango giza.

Kiswahili kina neno linaloeleza jambo hilo kwa usahihi zaidi kuliko kutisha, nalo ni ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, na ukiwa ni ile hali inayobaki mahali ambapo watu walikuwapo na sasa hawapo. Mtazamaji wa picha hashtushwi na tofali lililooza. Hushtushwa anapohisi kwamba kuna mtu aliyekuwa akiufungua mlango huu kila asubuhi, na kwamba hajui mtu huyo alikwenda wapi. Maelezo yanayofuata yanahusu namna ya kuutafuta ukiwa huo kwa kamera na namna ya kuukoleza wakati wa kuhariri. Nimeyaandika nikiwafikiria wapiga picha wa Tabora, Urambo, Ujiji na Kigoma, wenye simu nzuri au kamera ya kawaida, na wenye nyumba za namna hii karibu kabisa na wanapoishi.

Kila nyumba ina mwenyewe

Kosa la kwanza la mgeni katika kazi hii ni kudhani kwamba nyumba isiyo na mtu haina mwenyewe. Nyumba nyingi zilizohamwa katika mikoa hii ni za urithi ambao haujagawanywa, au ni mali ya shirika au taasisi ambayo mlinzi wake anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo, au ni za mtu anayeishi Dar es Salaam ambaye shangazi yake hupita kila Jumapili kuzitazama. Kabla ya kutoa kamera kwenye mkoba, nenda kwa jirani wa karibu kabisa, salimia kama inavyopasa, uketi ukikaribishwa, na ueleze shida yako. Kwa wazee wa Kinyamwezi, neno mwangaluka likitangulia asubuhi hufungua mazungumzo kuliko barua yoyote. Jirani atakuelekeza kwa mwenye nyumba au kwa balozi, na kama eneo ni kubwa utapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji. Kazi hii yaweza kuchukua siku mbili. Usiione kuwa siku zilizopotea, kwa sababu katika mazungumzo hayo ndipo utakapoambiwa chumba kipi kilikuwa cha nani.

Kuna sababu nyingine ya kujitambulisha, nayo ni ya mikoa hii hasa. Mtu anayezungukazunguka majengo ya zamani, akiinama na kumulika pembeni kwa tochi, hudhaniwa mara moja kuwa anatafuta mali za Mjerumani. Uvumi huo una mzizi wa kweli hapa Tabora. Mwaka 1916, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na fedha zao zimeadimika, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 hapa hapa, zenye picha ya tembo, kabla ya majeshi ya Wabelgiji kuingia mjini mwezi Septemba mwaka huo. Sarafu hizo leo zimo mikononi mwa wakusanyaji wa sehemu nyingi za dunia, lakini masimulizi ya masanduku yaliyofukiwa hayajakoma, na zimo nyumba zilizochimbwa sakafu mpaka msingi ukalegea kwa ajili ya masimulizi hayo. Mpiga picha asiyejulikana akikutwa ndani ya nyumba ya aina hiyo saa za jioni, hana maelezo yatakayosikilizwa haraka.

Majengo yanayotumika ni jambo jingine. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na majengo ya kituo katika miji yote miwili yana umbo linalomvutia kila mwenye kamera. Hata hivyo stesheni, bandari, madaraja, na majengo ya jeshi na polisi hayapigwi picha bila ruhusa, hata kama sehemu yake moja inaonekana kuwa imeachwa. Omba ruhusa kwa mkuu wa mahali, na ukinyimwa uondoke. Anayetaka kujifunza mwanga wa nyumba za kale bila matatizo aende Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley kule Ujiji. Hilo ni makumbusho yanayotunzwa, si hame, lakini kuta zake nene za udongo na nafasi zake ndogo za mwanga zitakufundisha kwa saa moja namna mwanga unavyoingia chumbani, unavyogonga sakafu na unavyokufa kabla ya kufika ukuta wa pili.

Usiingie kabla ya kutazama juu

Nyumba ya zamani ya Tabora inaliwa na mchwa, na mchwa hula boriti kutoka ndani. Mti unaoonekana mzima kwa nje waweza kuwa ganda tupu. Gonga boriti kwa fimbo ndefu ukiwa umesimama mlangoni, usikilize: mti mzima hutoa sauti nzito, mti ulioliwa hutoa sauti ya debe. Kama paa ni la vigae au la zege lililopasuka, piga picha ukiwa mlangoni na madirishani tu. Picha nyingi nzuri hupatikana hapo.

Mkoa huu ni wa asali, na nyuki hawachagui mzinga peke yake. Dari, bomba la moshi na nafasi kati ya kuta mbili huwafaa vilevile. Simama kimya kwa dakika tano kabla ya kuingia. Ukisikia mvumo, au ukiona nyuki wawili watatu wakiingia kwenye tundu moja, nyumba hiyo iache, maana mtikisiko wa hatua zako au wa mlango uliokwama unatosha kuwachokoza. Popo nao wana hatari isiyoonekana: vumbi la kinyesi chao laweza kubeba vimelea vya kuvu vinavyoingia mapafuni, kwa hiyo vaa barakoa inayobana vizuri na usifagie sakafu ili picha ipendeze. Wakati wa mvua, nyasi zikiwa ndefu, vaa buti na upige nyasi kwa fimbo mbele yako, kwa kuwa swila na koboko hupenda vifusi. Tazama pia visima vya zamani uani, ambavyo mara nyingi mfuniko wake ulikwisha kuibwa. Usiende peke yako, na mwachie mtu wa nyumbani maelezo ya mahali ulipo na saa utakayorudi.

Mwanga wa magharibi

Hapa ndipo penye utajiri wa mikoa yetu, na nashangaa kwamba ni wachache wanaoutumia. Kigoma na Dar es Salaam zinafuata majira ya saa yale yale, ilhali Kigoma iko mbali sana upande wa magharibi. Kwa sababu hiyo jua la Kigoma huchomoza na kuzama karibu na saa moja, asubuhi na jioni, na la Tabora hutangulia kwa dakika kumi na kitu. Jua hubadilika kwa takribani robo saa mbele au nyuma kadiri mwaka unavyokwenda. Mwongozo wowote ulioandikwa kwa ajili ya Ulaya utakuambia kwamba machweo hudumu sana. Sisi tuko nyuzi tano kusini mwa Ikweta, jua letu linashuka wima, na baada ya kuzama unazo dakika ishirini hivi za mwanga unaofaa kabla ya giza kuwa giza. Kwa hiyo usiende kutafuta mahali pa kusimama wakati huo. Chagua sehemu mchana, ziweke alama ya mkaa au kijiwe, na ifikapo saa kumi na mbili na nusu uwe umekwisha kusimamisha kamera.

Dakika hizo ishirini zina thamani kubwa kwa sababu mwanga wake hauna upande. Jua halipo, kivuli cheusi hakipo, anga lote ndilo taa, na rangi yake inaelekea kwenye buluu. Nyumba iliyopigwa wakati huo huonekana kama inaangaziwa na kitu kisichojulikana. Pale Kigoma jua huenda nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, hivyo mwanga wa moja kwa moja huondoka mapema kidogo, na ziwa hurudisha weupe hafifu kwenye kuta zinazolitazama. Kwenye mitaa ya zamani ya Ujiji, ukuta wa chokaa ulioelekea ziwani huendelea kung'aa kwa dakika kadhaa baada ya barabara kuwa na giza, nao ni wakati wa kufyatua bila kusita.

Kuhusu majira, kila mmoja ana upendeleo wake. Mimi napenda mwisho wa kiangazi, Agosti na Septemba, wakati moshi wa mashamba na misitu ya miombo unapotanda angani na kulifanya jua kuwa duara jekundu lisilo na makali. Moshi huo hufifisha vitu vya mbali, hivyo nyumba hujitenga na mazingira yake bila wewe kufanya lolote. Wengine hupenda Novemba, mvua zinapoanza, kwa ajili ya mawingu mazito na kwa sababu tofali la kuchoma likilowa hugeuka kuwa na rangi ya damu iliyoganda. Saa sita mchana ya jua kali haifai kwa nje, ila kwa ndani inaweza kukupa kitu kimoja cha ajabu: mwale wa jua unaopenya tundu la bati na kusimama wima katikati ya chumba chenye vumbi. Kivulini paa likiwa bado lipo, huo mwale ndio picha nzima.

Namna ya kupiga

Beba stendi ya miguu mitatu. Kama huna, jaza mchanga kwenye mfuko wa kitambaa, uuweke juu ya tofali au kizingiti, na ulaze simu au kamera juu yake. Usitumie flashi ya kamera, kwa sababu humulika kila kitu kwa usawa na kuua kina cha chumba. Weka ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, kwenye 100 au 200 ili picha isiwe na chembe, tundu la lenzi kwenye f/8 ili vitu vya karibu na vya mbali vionekane vizuri, na uiache shata, yaani kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, ikae wazi kadiri inavyohitajika, sekunde mbili, tano, au hata ishirini. Tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisitikise kamera. Kama kamera yako au programu ya simu yako inaruhusu faili ghafi, ambazo huandikwa RAW, zichague hizo badala ya JPEG, kwa kuwa faili ghafi hubeba mwanga na rangi nyingi zaidi zisizoonekana mara moja, nazo utazihitaji utakapofika kwenye vivuli.

Ugumu wa chumba cha giza chenye dirisha ni kwamba kamera haiwezi kuona vyote viwili. Ukipima mwanga wa chumba, dirisha huwa doa jeupe. Ukipima dirisha, chumba hutoweka. Dawa yake ya kawaida ni kupiga picha tatu bila kusogeza stendi: ya kwanza kwa mwanga ambao kamera inaukadiria, ya pili ikiwa na giza zaidi kwa hatua mbili, ya tatu ikiwa na mwanga zaidi kwa hatua mbili. Hatua moja maana yake ni kuuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Kwa hiyo kama picha ya kwanza ilichukua sekunde mbili, ya giza itachukua nusu sekunde na ya mwanga sekunde nane. Utaziunganisha baadaye. Hata hivyo, kwa picha za ukiwa mimi mara nyingi hutumia ile ya giza peke yake. Kwenye simu, gusa sehemu yenye mwanga kwenye kioo kisha uvute alama ya jua kushuka chini mpaka uone mpaka wa fremu ya dirisha waziwazi.

Kuhusu mahali pa kusimama, nina maoni mazito. Lenzi pana sana, ile ambayo simu huonyesha kama 0.5, hupindisha kuta na kukifanya chumba kuwa kama pango la michezo. Tumia lenzi kuu ya simu, au milimita 24 hadi 35 kwenye kamera yenye sensa kubwa. Simama mahali ambapo mwenye nyumba angesimama: mlangoni akiingia, jikoni kwenye mafiga, kitandani akitazama dirisha. Weka kamera kimo cha macho ya mtu aliyesimama au aliyeketi, wala si juu wala si chini mno. Kisha acha nafasi tupu. Ukiwa na mlango wazi, mpe mlango theluthi moja ya picha na uache ukuta mtupu uchukue theluthi mbili. Jicho litatembea kwenye ukuta huo likitafuta kitu, lisikione, na hatimaye lirudi mlangoni. Hapo ndipo wasiwasi unapozaliwa.

Tafuta alama za matumizi: ngazi iliyolika katikati, weusi wa mikono pembeni ya swichi, masizi ya koroboi juu ya kijishimo cha ukutani, mistari ya penseli kwenye fremu ya mlango ambapo watoto walipimwa urefu. Usilete kitu kutoka nje. Nimeona wenzetu wakibeba mwanasesere aliyevunjika mkono, au kiti kimoja chekundu, na kuviweka katikati ya chumba. Mtazamaji hutambua mara moja kwamba amepangiwa, na hofu yake humwishia. Vilevile usisogeze kilichopo, na usichukue hata kipande cha kigae.

Tochi ndiyo msaada pekee ninaoukubali. Saa ya machweo, weka kamera uani ikitazama dirisha la chumba cha ndani, fungua shata kwa sekunde kumi na tano, na mwenzako aliyeko ndani aelekeze tochi kwenye ukuta usioonekana kwa sekunde tatu tu. Dirisha litakuwa na mwanga hafifu wenye joto, katikati ya nyumba yenye rangi ya buluu, na chanzo chake hakitaonekana. Fanya hivyo baada ya kumwambia jirani, ili asije akaona taa katika nyumba ya marehemu na kupiga yowe.

Kuhariri

Programu si jambo kubwa. Snapseed kwenye simu haina malipo, Lightroom ya simu inatosha kwa mambo mengi hata bila kulipia, na mwenye kompyuta anaweza kupakua Darktable na GIMP bure. Kitu muhimu ni utaratibu. Anza kwa kuchagua, na uchague kwa ukali. Katika picha sitini, mbili zikibaki umefanya vizuri. Halafu nyoosha mistari ya wima ili kuta zisilale, kwa sababu ukuta uliolala humfanya mtazamaji ahisi kwamba mpiga picha amekosea, nawe unataka ahisi kwamba nyumba yenyewe ina kasoro.

Baada ya hapo shughulikia joto la rangi. Picha ya ndani iliyopigwa mchana huwa karibu na nyuzi 5500 za Kelvini; ishushe hadi kati ya 4200 na 4800, mpaka weupe uanze kuwa na ubaridi. Usiende chini zaidi ya hapo. Ubuluu uliozidi hufanana na tangazo la dawa ya meno, na tofali jekundu la Tabora hugeuka zambarau isiyokuwapo popote. Kisha punguza mwanga wa picha nzima kwa nusu hatua hadi hatua moja, vuta chini sehemu angavu ili dirisha lipate umbo, na uinue vivuli kidogo sana.

Katika jambo la vivuli ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapo. Wapo wanaofungua vivuli vyote kwa kuunganisha picha tatu mpaka kila tofali katika kona linahesabika. Matokeo yake ni chumba kisicho na siri, chenye rangi za kuchora. Wapo wanaoyazamisha yote katika weusi mtupu, wakidhani kwamba giza lenyewe linatisha. Giza tupu halitishi mtu, kwa sababu jicho likishajua kwamba hakuna cha kuona, huacha kutazama. Giza linalofanya kazi ni lile ambalo ndani yake kuna kitu kinachokaribia kuonekana: ukingo wa fremu, pembe ya ngazi, duara la sufuria. Fungua histogramu, yaani ule mchoro wa vilima unaoonyesha mwanga wa picha, na uhakikishe kwamba kilima kikubwa kipo upande wa kushoto lakini hakijagandamana na ukuta wa kushoto. Halafu fungua kifaa cha mstari wa toni, ule mstari wa mshazari unaoanzia kona ya chini kushoto. Inua ncha hiyo ya chini kidogo, kiasi cha sehemu moja kati ya ishirini ya urefu wake. Weusi wa picha utageuka kuwa kijivu kizito, kana kwamba vumbi limetanda kati ya mtazamaji na chumba. Kisha shika mstari huo robo ya njia kutoka chini na uushushe kiasi, ili vivuli vya kati virudi kuwa vizito. Mabadiliko haya mawili, yakifanywa kwa kiasi, yananifaa kuliko vichujio vyote vilivyotengenezwa tayari.

Rangi zipunguzwe moja moja, si zote kwa pamoja. Kijani cha nyasi na cha migomba ni rangi ya uhai, nacho hukinzana na ukiwa. Kipunguze kwa nusu na ukisogeze kuelekea kwenye manjano ili kionekane kimekauka. Rangi ya chungwa na nyekundu ya udongo wetu iache iwe na nguvu kidogo kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo inayosema kwamba nyumba hii iko Unyamwezi na si mahali popote pale. Ukitaka, tia ubuluu au ukijani hafifu kwenye vivuli na umanjano hafifu kwenye sehemu angavu. Mimi hupenda ukijani wa shaba iliyoota kutu, kwa kiwango ambacho mtu hawezi kuutaja ila akiuona umeondolewa anaukosa. Nyeusi na nyeupe inafaa pale tu umbo na mwanga vinapotosha. Picha yangu ya msumari niliijaribu hivyo na nikaiacha, kwa kuwa tofauti kati ya weupe wa ile alama na umanjano wa ukuta ndiyo iliyokuwa ikieleza miaka iliyopita.

Linalofuata ni kutia giza na nuru mahali mahali kwa brashi. Tumia brashi kubwa yenye kingo laini na nguvu ndogo, asilimia kumi au kumi na tano, na upite mara kadhaa. Tia giza kwenye pembe za dari na sakafu iliyo karibu nawe. Tia nuru kidogo kwenye njia unayotaka jicho liifuate, kwa mfano kutoka kizingiti hadi alama ya ukutani. Ni bora kuliko ile duara ya giza ambayo programu huiweka kwenye kona zote nne kwa usawa, inayojulikana kwa kila mtu. Punguza ukali wa maumbo kwenye sehemu za mbali, ili ziwe kama ziko ukunguni, na uongeze ukali kwenye kitu kimoja tu. Mwishowe ongeza chembe kidogo, kama za filamu ya zamani, zitakazofunika ulaini wa vivuli. Iache picha ilale usiku mmoja, uitazame asubuhi ukiwa na macho mapya, na mara nyingi utajikuta unarudisha nyuma theluthi moja ya yote uliyoyafanya.

Kuna hila moja ninayoombwa kuifundisha mara kwa mara, nayo ni kumweka mtu akasimama kwa sekunde chache wakati shata iko wazi ili atokee kama kivuli kinachopenyeka. Ni rahisi kuifanya: katika muda wa sekunde ishirini, mtu asimame saba kisha atoke. Siifanyi katika nyumba za watu, na naomba nawe usiifanye. Katika ukanda wetu wa magharibi wako wazee, hasa kina mama, ambao wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Picha ya mzimu ikienea katika simu za kijiji pamoja na jina la mahali, haitachukua muda watu kuuliza ni nani anayeishi jirani na nyumba hiyo, na huenda jirani huyo ni bibi mmoja mjane aliyekukaribisha maji ya kunywa.

Kwa sababu hiyo hiyo, maneno yanayoambatana na picha yachaguliwe kwa uangalifu. Usiandike kwamba ni nyumba ya wachawi au ya majini. Andika kinachoonekana: chumba cha kulala, nyumba ya mfanyakazi wa reli, mwezi wa Septemba. Kabla ya kupakia, ondoa taarifa za mahali ambazo simu huzihifadhi ndani ya faili, kwa sababu wachimbaji wa rupia na wezi wa milango ya mninga nao wana intaneti.

Nakala moja ichapishwe kwenye karatasi na ipelekwe kwa aliyekupa ruhusa. Mimi niliipeleka ile ya msumari kwa mzee anayeitunza nyumba, ambaye aliishika mbali na macho yake kwa muda, halafu akaweka kidole juu ya ule mstatili mweupe. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba hapo palikuwa na picha ya familia. Akaniambia kwamba palikuwa na kioo, na kwamba kiliwekwa karibu na mlango ili mama wa nyumba ajitazame kabla ya kwenda sokoni. Juma lililofuata nilirudi mara ya kumi, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikaishusha stendi hadi kimo cha mwanamke wa wastani, na nikaielekeza kamera moja kwa moja kwenye ile alama.